Pingamizi la Mtani

Mimi kazi yangu ni fotokopi. Kibanda changu kipo nyuma ya ofisi zinakotolewa vibali vya ujenzi, na kila anayetaka kujenga nyumba katika Tabora hii lazima apite kwangu kwanza, kwa sababu ukienda na nakala mbili watakutuma ya tatu. Kwa hiyo najua nani anajenga kweli, nani anajenga mdomoni, na nani ataishia kwenye msingi mpaka uote majani. Watu husema Fikiri ana mdomo. Sikatai. Ila mwaka jana mdomo huo ulinyamaza siku moja tu iliyotakiwa useme, na aliyeumia ni Bi Zamda binti Nassibu wa Mtendeni. Nikikumbuka, mpaka leo najichukia.

Bi Zamda alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, kazi yake kudarizi kofia. Ukimwona mzee amependeza siku ya Idi katika mji huu, kofia yake kama si ya dukani basi imepita mikononi mwa yule mama. Nyumba aliyokaa ilijengwa na babu yake kwa fito na udongo. Mvua za mwaka juzi ziliangusha ukuta wa nyuma, vyumba viwili vikaenda nao, kikabaki chumba cha mbele chenye ufa unaopitisha mkono. Bintiye wa pekee, Najiat, ameolewa Nzega. Alikuja kuona hali ile, akazunguka nyumba mara moja, akasema maneno ambayo Bi Zamda alinisimulia yote kama yalivyo:

"Mama, mvua zikianza tena hujajenga, nakuja na gari kukuchukua. Sitaki kuitwa nije kukufukua kwenye kifusi."

"Anasema kweli, ndiyo maana naogopa," Bi Zamda aliniambia. "Nikienda kwa mkwe nitakuwa mgeni mpaka nizikwe. Mimi nimezaliwa hapa, Fikiri. Nataka vyumba viwili tu, nife kwangu."

Ilikuwa Agosti. Mvua huku kwetu hushika Novemba. Matofali ya kuchoma alikuwa nayo, ameyakusanya kidogo kidogo tangu mumewe yu hai, yamepangwa uani yamefunikwa turubai. Fundi alikuwa naye pia, Jilala, Msukuma mmoja mpole mwenye mkono mzuri wa kunyoosha ukuta. Lakini Jilala alikataa kushika mwiko bila kibali.

"Mama, zamani tungekandika udongo tukanyamaza, nani angejua," alimwambia. "Sasa mtaa umepimwa. Ukiweka tofali la kuchoma palipokuwa na udongo, hilo kwao ni jengo jipya. Watakuja na rangi nyekundu wakuchoree X, na mimi vyombo vyangu vichukuliwe."

Basi akaanza safari ya kibali. Mchoro alichorewa na kijana mmoja wa chuo, barua ya mtaa akaipata siku ya tatu, na huo ni mwendo wa kasi kabisa. Ikabaki fomu ya mipaka. Kiwanja chake hakikuwa na hati, kilikuwa na kumbukumbu za wazee tu, na kwa viwanja vya namna hiyo ofisi hutaka kila jirani aandike kwa mkono wake kwamba anakubali mpaka uko pale uliposemwa. Majirani wawili waliandika "sina pingamizi" wakasaini, kazi ikaisha. Akabaki wa tatu, Mzee Adinani Pazi, muuza asali.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili hutaelewa kitu. Adinani alikuwa Mzaramo. Amezaliwa Tabora na baba yake kazaliwa Tabora, lakini babu alipanda kutoka pwani na msafara, akapenda mji, akabaki. Na Bi Zamda ni Mnyamwezi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi, walipokuwa wakishuka pwani na mizigo wakipita nchi ya Wazaramo, wakaona badala ya kupigana bora watukanane wacheke. Kwa watu wengi siku hizi utani huo ni wa msibani na harusini tu. Kwa wale wawili ulikuwa wa kila siku ya Mungu. Nilipokuwa nikipita asubuhi kwenda kufungua kibanda niliwasikia, huyu anafagia, yule anapanga madumu yake ya asali.

"Mzaramo, bado unapumua? Mimi nimeshachambua mchele wa msiba wako."

"Nife nimwachie nani mpagazi wangu? Fagia vizuri, uwanja wa mwenyewe huo."

Miaka arobaini hivyo. Mke wa Adinani alipofariki, Bi Zamda ndiye aliyempikia mwezi mzima, na kila sahani aliyompelekea aliifuatisha na tusi. Mtu mgeni angedhani hao watu watauana.

Sasa ile fomu. Kulikuwa na mistari minne imeandikwa juu yake "Maoni ya jirani". Adinani akavaa miwani, akakaa vizuri kwenye kigoda, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala, mzuri kuliko wa karani yeyote ninayemjua:

"Mimi Adinani Pazi napinga. Kiwanja hiki ni cha babu yangu. Babu wa huyu mwanamke aliachwa hapa kulinda mizigo ya msafara, na mizigo yenyewe hatujaiona mpaka leo. Asijenge hata choo mpaka airudishe."

Akasaini, akatia na tarehe. Bi Zamda aliisoma pale pale, akacheka mpaka akashika ukuta, akamwambia hata mwandiko wake ni wa mwizi. Kisha akaileta kwangu. Wala haikumpitia akilini kuomba fomu nyingine. Kwao wale yale ndiyo ridhaa yenyewe. Adinani angeandika kavu kavu "sina pingamizi", mama wa watu angerudi nyumbani akijiuliza amemkosea nini.

Na mimi niliisoma. Niliiweka kwenye mashine, nikaisoma, nikacheka, nikatoa nakala tatu. Fomu tupu nilikuwa nazo rundo zima chini ya meza, ni mimi ninayezichapa. Ningesema, "Mama, hii ofisini haitaeleweka, chukua nyingine," yote haya yasingekuwepo. Badala yake nikamwambia, "Mzee Adinani hafai kabisa," tukacheka tena wote wawili, akaenda kuipeleka.

Baada ya siku kumi akaitwa. Afisa wa vibali alikuwa Silasi, kijana mstaarabu, mwaka wake wa pili hapa mjini. Bi Zamda alinikokota niende naye, anasema maneno ya ofisini huwa hayamwingii. Silasi alikuwa ameipigia mstari ile fomu kwa kalamu nyekundu.

"Mama, hapa una mgogoro wa ardhi," alisema. "Jirani anadai kiwanja ni cha kwao. Siwezi kupeleka faili hili mbele."

"Mgogoro gani, baba? Yule ni mtani wangu!"

Silasi aliinama akaisoma upya, nikaona kabisa anauma mdomo asicheke. "Nimekuelewa, mama. Hata mimi nina watani. Lakini faili halina mtani. Kesho nikihamishwa, atakayekuja atasoma 'napinga' na sahihi. Mwambie mzee aje mwenyewe, aandike mbele yangu kwamba ameondoa pingamizi. Dakika tano tu, tunaendelea."

Haki ya Mungu, siwezi kumlaumu yule kijana. Natamani ningeweza.

Adinani alipoelezwa alicheka hadi machozi, akajipiga paja. Halafu akafanya kile ambacho mtani yeyote angefanya: akakataa. Serikali yenyewe imemwandikisha kuwa mwenye kiwanja, sasa afute bure? Alitaka faini ya kuku. Bi Zamda akampelekea sahani imefunikwa kawa, mzee akafunua kwa hamu, akakuta unyoya mmoja. Mtaa mzima ulicheka wiki ile. Yeye akaongeza faini, kuku wawili, na mmoja awe jogoo. Nilimwambia Bi Zamda siku zinakwenda, Septemba inakatika. Akanijibu kwamba wameshakubaliana, Jumatatu watakwenda pamoja ofisini, Mzaramo akirudi tu kutoka Tura kuchukua asali.

Adinani alikwenda Tura Alhamisi. Jumamosi alianguka pale pale kwenye madumu yake, hakuamka tena. Jumapili akarudishwa Mtendeni amefunikwa shuka.

Kuna mambo mtani anapaswa kufanya msibani, na Bi Zamda aliyafanya. Alivaa koti la marehemu na miwani yake, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kumwigiza anavyopima asali huku akiapa kwamba haina maji. Jeneza lilipotaka kutoka alisimama mlangoni akapanua mikono, akasema hatoki mtu hapa, huyu mwizi bado ana kesi ofisini. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa karibu naye. Kicheko alikitoa kwa nguvu, kama mtu anayeng'oa kisiki. Alipopisha mlango na jeneza likapita, aliingia uani kwake, akakaa juu ya matofali, na hakuna aliyemsogelea.

Mtu mmoja hakucheka. Majidi, mtoto wa pekee wa Adinani, alipelekwa kwa shangazi yake Dar es Salaam akiwa na miaka sita, akakulia huko, ana duka la vipuri. Alifika alfajiri ya mazishi. Alichokiona yeye ni mwanamke wa jirani amevaa koti la baba yake, anamwita baba yake mwizi mbele ya maiti.

Baada ya hitima Bi Zamda alimwendea kwa adabu zote, akamweleza habari ya fomu. Kwa kuwa mwenyewe amefariki, Silasi alisema mrithi anaweza kuliondoa pingamizi. Tukaenda watatu. Majidi alipewa karatasi, akaisoma taratibu, akapitisha kidole juu ya sahihi.

"Huu ni mwandiko wa baba," alisema.

"Ni wake, mwanangu, lakini alikuwa ananitania," Bi Zamda alijibu.

"Utani ninaujua, mama. Mimi pia ni Mzaramo. Lakini baba ameniandikia barua miaka yote ile, na katika barua zote hizo hakuna mzaha hata mmoja. Ni 'soma kwa bidii', ni 'sali', ni 'wasalimie'. Baba yangu hakuwa mtu wa kuandika mzaha." Aliikunja karatasi, akaikunjua. "Na kama alikuwa nao, mbona mimi hakunipa?"

Nilitaka kumwambia baba hamtanii mwanawe, kila mtu anajua hilo. Lakini alikwisha kuirudisha karatasi mezani. Alikataa kusaini. Silasi akalipeleka shauri kwenye usuluhishi wa kata, kama utaratibu unavyotaka.

Kikao kilikaa mwishoni mwa Oktoba. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki kila mchana, joto la kukata pumzi. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Bernadeta, mstaafu, mama mwenye busara asiyependa kupoteza muda. Alisikiliza pande zote mbili. Kisha akamuuliza Majidi anataka nini hasa.

"Mwenyekiti, mimi kiwanja sikihitaji," Majidi alisema, na naamini alisema kweli. "Kinachonisumbua ni hii karatasi. Ama baba alimaanisha alichoandika, au umri ulikuwa umeshamchanganya. Kama alikuwa amechanganyikiwa, mtu aliyekaa naye aseme hivyo, iandikwe, nami nasaini sasa hivi mama ajenge."

Nyumba ile ilikuwa imepatikana, imebaki neno moja! Na neno lenyewe halikuwa gumu, mashahidi wangepatikana. Mwaka ule Adinani aliwahi kwenda sokoni na ndala zisizofanana. Aliwahi kumuuzia mteja asali, akamkimbilia barabarani kumpa dumu la pili, akidhani hajampa. Sote tuliyaona. Nilimwinamia Bi Zamda sikioni nikamwambia, "Mama, sema ndiyo. Sema ndiyo tuondoke."

Alimgeukia Mwalimu Bernadeta. "Itaandikwaje?"

"Tutaandika kwamba marehemu, wakati anajaza fomu, hakuwa na akili timamu."

"Na jina lake hapo?"

"Jina lake, ndiyo. Na lako kama shahidi."

"Na itakaa ofisini?"

"Itakaa kwenye faili, mama."

Bi Zamda alikuwa ameshika kofia aliyokuwa akiidarizi, sindano imechomekwa ukingoni, akawa anailaza na kuisimamisha. Nilidhani anatafuta maneno mazuri ya kukubali.

"Mimi nimemwita mwizi," alisema hatimaye. "Nimemwita mvivu, mchawi, mla nazi za watu. Miaka arobaini, hadharani, naye akanirudishia. Yote yalikuwa uongo, na sote wawili tulijua ni uongo. Hili mnalotaka niseme mtaliweka kama ni kweli. Adinani alikuwa na akili zake zote mpaka siku aliyokwenda Tura. Andika hivyo."

Mwalimu Bernadeta aliweka kalamu chini. "Zamda, umeelewa unachokikataa?"

"Nimeelewa."

"Nakuuliza tena, mwenzangu. Mvua hizo zinakuja."

"Andika, mwalimu. Alikuwa na akili timamu."

Majidi alimtazama kwa muda mrefu. Sijui alitaka kusikia nini, lakini si hilo. "Basi alimaanisha," alisema kwa sauti ndogo, na akaangalia pembeni. Mwenyekiti akaandika kwamba usuluhishi umeshindikana, kwamba wahusika wanaweza kwenda baraza la juu, na kwamba hadi hapo ujenzi usifanyike. Shauri la ardhi baraza la juu ni mwaka, au miaka. Kila mtu mle ndani alilijua hilo.

Nje nilimgombeza. Nasema wazi, nilimpandishia sauti mwanamke anayenizidi umri kama mama yangu. Nilimwambia marehemu hasikii, faili hakuna anayelisoma, na neno moja lisingemuumiza mtu aliyekwisha kuzikwa. Alingoja nimalize.

"Nikijenga kwa neno lile, Fikiri, nitaamkaje pale asubuhi?" alisema. Akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake kwa miguu.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe nne Novemba, ya pili tarehe saba. Ya pili haikuwa kubwa, lakini ilitosha. Ukuta wenye ufa uliinama ukalala barazani, mchana, yeye akiwa kisimani. Najiat alifika kesho yake na gari kama alivyosema, wakapakia kitanda, masanduku mawili na mfuko wa nyuzi. Majidi alikwisha kurudi Dar es Salaam, nyumba ya baba yake imefungwa kufuli. Faili bado lipo, Silasi aliniambia, na si Majidi wala Bi Zamda aliyekwenda baraza la juu. Matofali wameanza kuyaiba.

Nilimpigia Bi Zamda simu wiki iliyopita. Nilimuuliza hali, akasema anashukuru Mungu, nyumba haivuji, mkwe ni mtu mwema, wajukuu wanamsomea Kurani jioni. Nikamuuliza majirani wa huko wakoje. Akasema ni watu wenye adabu sana, tangu kunakucha mpaka jua linazama hasikii kingine ila shikamoo.